Siku Basso Alipomwombea Baba

Tulipomaliza matanga ya baba, mama alinipa mashati yake ya kazi niyafue kabla hayajagawiwa kwa ndugu. Yalikuwa manne, ya rangi ya kaki, yale wanayovaa madereva wa watalii kule kwetu Karatu, yenye mifuko miwili kifuani. Nikawa nayageuza ndani nje kama mama alivyotufundisha, na kwenye shati la tatu mkono wangu ukasimama. Kutoka kwapani hadi kiunoni, pande zote mbili, palipita mshono wa uzi mweusi. Fundi hakuwa na uzi wa kaki siku ile. Nililinusa. Sabuni ya mche, harufu ya kabati, na kwa mbali kabisa lile vumbi letu jekundu lisiloisha hata ukifua mara mia. Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa na miaka minane tena.

Tulikaa Rhotia, mbele kidogo ya kanisa, kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye shamba la mahindi na maharage lililoanzia mlangoni na kuishia korongoni. Mama alilima. Baba aliendesha gari la watalii, akitoka alfajiri kuwachukua wageni kwenye lodji na kuwashusha kreta, Ngorongoro, kuangalia wanyama. Mimi, Yudita, ndiye mkubwa. Mdogo wangu Basso alikuwa na miaka minne na nusu, na hiyo nusu hakukubali isahaulike. Ukisema ana minne alikuuliza, "Na nusu yangu umeipeleka wapi?"

Basso aliuliza maswali tangu alipofumbua macho hadi alipoyafumba. Nakumbuka mazungumzo yake na baba jioni moja, baba akiwa anavua viatu mlangoni.

"Baba, simba wanakujua jina?"

"Hapana. Wanalijua gari."

"Kwa hiyo ukienda kwa miguu hawatakujua?"

"Nikienda kwa miguu ndiyo watanijua vizuri sana."

Basso alilitafuna hilo siku mbili nzima. Jumapili akawatangazia watoto wenzake kanisani kwamba baba yake ni mtu mkubwa, hata simba wanataka ashuke garini wafahamiane.

Na kweli kwetu baba alikuwa mtu mkubwa. Alikuwa mrefu, akiingia jikoni lazima ainame, na kila aliporudi alikuja na mabaki ya lanchi boksi za wageni. Yai la kuchemsha, kipande cha keki kwenye karatasi, juisi ya pakiti yenye mrija wake. Tuligawana keki kwa uzi ili pasiwe na ugomvi, na ugomvi ulikuwepo vilevile.

Halafu boksi zikakoma. Jioni ya kwanza tulidhani amesahau. Jioni ya tatu Basso akamkagua mifuko yote, mpaka ya nyuma.

"Wageni wa siku hizi wanakula sana," baba akasema.

"Hata boksi lenyewe wanakula?"

"Hata boksi."

Mama alicheka akiwa anapepeta maharage. Baba hakucheka. Hilo niliona, ila mtoto huona mambo mengi asiyojua pa kuyaweka.

Wiki moja au mbili baadaye mama alitutuma chumvi dukani. Kwenye benchi la nje alikaa mwanamume tuliyemfahamu kwa sura, dereva aliyekuwa akimchukua baba pale barabarani kwa gari la kampuni. Siku hiyo alivaa kandambili na alikuwa akinywa soda taratibu sana, kama mtu asiye na pa kwenda.

"Nyie si watoto wa Baba Yudita?"

"Shikamoo," tukasema pamoja.

"Marahaba. Poleni jamani. Nasikia na yeye wamempunguza."

Mwenye duka akamkata jicho. Yule mtu akaangalia chupa yake. Mimi nikachukua chumvi na mkono wa Basso, tukaondoka. Hatukufika hata kwenye kona.

"Dada, wamempunguza nini?"

"Sijui."

"Miguu?"

"Basso, nyamaza."

"Mama akipunguza maji ya ugali anayamwaga. Baba wamemmwagia wapi?"

Nilikuwa darasa la pili. Nilijua watu hawamwagwi. Lakini neno lile sikuwa na maana nyingine ya kulipa, na jicho la mwenye duka lilikuwa limeniambia kwamba ni jambo baya, la kutosemwa mbele ya watoto. Kwa hiyo hatukumwuliza mtu. Tuliamua kumpima.

Jumapili mchana baba alijinyoosha kwenye mkeka nje, kofia usoni, akasinzia. Basso akashika ncha ya kamba ya katani kisiginoni, mimi nikaivuta hadi utosini, tukafunga fundo. Jumapili iliyofuata tukapima tena. Baba alikuwa amelala amekunja magoti, lakini nani kati yetu alilifikiria hilo? Kamba ilibaki. Ilipita utosi wake kwa kiganja kizima. Basso akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili na kunitazama juu ya vidole vyake. Kumbe yule mtu wa dukani hakusema uongo. Baba yetu alikuwa anapungua, na kila asubuhi alivaa shati lake la kaki, akaning'iniza darubini shingoni, akaenda kulekule wanakompunguza.

Mambo yakawa mabaya zaidi siku mama alipolibeba shati lile kwa fundi cherehani. Tulikwenda naye.

"Nipunguzie kila upande," mama akamwambia fundi. "Baba yao amekonda. Kushinda garini juani kunamkausha."

Kabla fundi hajalipokea, Basso akalirukia, akalikumbatia kifuani, akaanza kulia kwa sauti kubwa hata watu wakatoka kwa kinyozi kuja kuangalia. "Usimpunguze tena! Ameshapunguzwa! Atabaki kidogo!"

Fundi alicheka mpaka akashika meza. Mama naye akacheka, akauliza, "Ameshapunguzwa na nani, wewe?" Basso akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu. Niliukanyaga kwa nguvu zangu zote, akapiga kelele kwa sababu nyingine, swali likapotea. Huo ndio uongo wangu wa kwanza ninaoukumbuka, na niliusema kwa kisigino.

Likizo ya Juni mama alitupeleka kwa shangazi yetu, dada yake baba, anayekaa Qurus. Siku ya pili shangazi akatutuma majani ya chai. Njia ya kwenda dukani ilishuka bondeni, na bondeni kulikuwa na watu wanaofyatua matofali. Matofali mabichi yalipangwa safu kwa safu yakikauka juani, tanuri moja lilifuka moshi, na pembeni yake palikuwa na shimo la udongo mwekundu uliolowa. Wanaume watatu walikuwa ndani ya shimo wakiukanyaga, miguu ikizama na kutoka, kifua wazi, suruali zimekatwa magotini. Walikuwa wekundu mpaka kwenye nyusi. Basso alitaka tusimame, tukasimama.

Sikumtambua kwa uso. Kwanza niliona kwenye tawi la mti mfuko wa nailoni umening'inizwa mbali na vumbi, na ndani yake, limekunjwa vizuri, shati la kaki. Uzi mweusi ulionekana. Kisha mmoja wa wale watu akajifuta jasho kwa kifundo cha mkono, akianzia kushoto, kama baba anavyojifuta.

Bado sijui nieleze vipi. Baba alikuwa ameaga alfajiri ya siku tulipoondoka, akasema ana wageni wanne na wanataka kumwona faru. Nilimwona kwa macho yangu akipiga hatua za kwenda barabarani. Sasa alikuwa mbele yangu ndani ya shimo, mwembamba, mbavu zinahesabika, anakanyaga tope kama ng'ombe. Nilitaka kumvuta Basso tukimbie kabla hajaona, lakini Basso alikuwa ameshaona, na uso wake ulikuwa uking'aa kwa furaha.

"Dada! Anaongezwa!"

"Nini?"

"Udongo! Wamempunguza, sasa anaongezwa udongo. Kama Adamu!"

Baba akageuka. Wenzake wawili wakatutazama, wakamtazama yeye, kisha mmoja akampa mgongo na kuanza kukanyaga upande wa pili, na mwingine akamfuata. Baba akapanda kutoka shimoni. Alisimama hatua mbili mbele yetu, mikono akiiweka mbali na mwili asituchafue.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani kawatuma huku?"

"Shangazi. Majani ya chai."

"Anajua nipo hapa?"

"Hapana."

"Na mama yenu?"

"Hapana, baba."

Aliangalia zile safu za matofali. "Yudita, usimwambie mama. Nitamwambia mwenyewe."

"Lini?"

"Haya yakikauka."

Basso alisogea, akaweka kidole kwenye goti la baba, akaliangalia tope lililobaki kwenye kidole kama anayekagua kazi ya fundi. "Baba, wasikuongeze sana," akasema. "Mlango wa jikoni ni mfupi."

Wale wenzake wakacheka kule shimoni. Baba naye alicheka, ila kicheko chake kilivunjika katikati, akageuza uso haraka na kujifuta kwa kifundo cha mkono. Safari hii hakukuwa na jasho. Tulikwenda dukani tukanunua majani ya chai, tukarudi kwa njia nyingine, ndefu, kwa sababu mimi sikuweza kupita tena pale.

Tuliporudi Rhotia ndipo niliposhtuka kuliko kule shimoni. Jioni ya siku tuliyofika baba aliingia na shati safi, darubini shingoni, akakaa, mama akampa maji ya kunawa, akamwuliza, "Wageni wa leo walikuwaje?" Na baba, huku ananiangalia moja kwa moja, akaanza kusimulia. Walishuka kreta mapema. Ukungu ulikuwa mzito. Halafu ukafunguka, na pale, karibu na msitu, faru na mtoto wake. Mgeni mmoja, mama mzee, alilia. Alisimulia vizuri kabisa, hata mkia wa mtoto wa faru aliuonyesha kwa kidole. Mama alikuwa akitabasamu. Mimi nilikuwa na tonge mkononi na halikwenda popote. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kutunga faru. Sikujua kwamba baba yangu anaweza. Kuanzia hapo kila alichosema nilikigeuza ndani nje kama nguo, nikitafuta mishono.

Nilibeba siri ile siku tisa. Nilikuwa nazihesabu kwa mkaa nyuma ya banda la kuku. Nilimwagiza Basso asiseme, nikamwambia akisema tutapigwa, nikamwambia akisema baba atapunguzwa yote aishe. Akaniahidi hatamwambia mtu yeyote. Sikujua kwamba kwa Basso, Mungu hakuwa mtu yeyote.

Jumamosi jumuiya ilisali nyumbani kwetu. Zamu ilikuwa yetu. Mama alifagia uwanja, akapika chai ya maziwa, majirani wakaja saa kumi jioni na mikeka yao, akina mama wakakaa chini, akina baba kwenye mabenchi tuliyoazima. Baba alikaa karibu na mlango, shati la kaki limepigwa pasi. Kando yake alikaa jirani yetu Safari, mpishi wa kambi za watalii, mtu mnene mchangamfu aliyepita mbele ya nyumba yetu kila Jumatatu na begi la visu vyake kwenda kambini, na kurudi Ijumaa. Mkewe, Mama Bibiana, alikaa na mama yangu mkeka mmoja.

Somo likasomwa. Yakaja maombi, kila mwenye nia anaisema na wengine wanaitikia. Mtu akaombea mvua. Mtu akaombea mgonjwa wa kijiji cha Kansay. Mwenyekiti wa jumuiya akauliza, "Mwingine?" Na sauti ndogo karibu na goti langu ikasema, "Mimi."

Watu wakatabasamu. Mtoto anaomba, nani hapendi? Mama alimtazama kwa fahari. Basso akasimama, akafumba macho, akaunganisha viganja kama malaika kwenye kalenda.

"Tumwombee baba yangu. Walimpunguza kazini. Sasa anaongezwa udongo kule Qurus, kwenye shimo la matofali, anaongezwa kila siku lakini bado hajajaa. Twakuomba."

"Utusikie," watu wakaitikia.

Waliitikia kwa mazoea. Midomo ilitangulia, masikio yakafuata nyuma. Nililiona neno likiwafikia mmoja mmoja. Kisha kuku akasikika akiparua. Hakuna aliyemtazama baba na wote walikuwa wanamtazama. Baba alikuwa ameshika magoti yake mawili, macho chini. Mama hakusogea. Alikuwa bado na lile tabasamu la fahari usoni, limesahauliwa pale, halijui kama lishuke. Mimi nilitamani ardhi inimeze na mkeka wote.

Mwenyekiti akakohoa. Nadhani alitaka kutuokoa kwa kuanza Baba Yetu. Lakini kabla hajaanza, Safari akasimama.

"Na mimi mniombee," akasema.

Mama Bibiana akageuka. "Baba Bibiana, unasema nini?"

"Kambi imefungwa tangu kabla ya Pasaka, wageni hawaji tena."

"Pasaka ipi? Na Jumatatu zote unakwenda wapi?"

"Mang'ola. Kwenye vitunguu."

"Na visu?"

"Ndivyo ninavyokatia majani ya vitunguu." Akamgeukia mwenyekiti. "Twakuomba," akasema, akaketi.

Hakuna aliyeitikia. Mama Bibiana alikuwa ameweka rozari yake mdomoni, si ya kusali, ameiuma. Nyuma kabisa, kijana mmoja wa lodji, aliyeoa mwaka ule, aliinuka bila kusema kitu akatoka nje ya uwanja, na mkewe akamfuata kwa macho mpaka alipopotea kwenye mahindi. Nilikuwa mdogo lakini nilielewa. Nilitazama mashati yale yote yaliyopigwa pasi kwenye yale mabenchi, nikajiuliza ni mangapi yanalala kwenye mfuko wa nailoni juu ya mti. Hapo ndipo Basso alipofumbua macho na kuninong'oneza, sauti ikasikika uwanja mzima, "Dada, mbona Mungu hajaitikiwa?"

Mama akainuka. Alimimina chai. Aligawa vikombe vyote bila kumruka mtu, na kila kikombe kilifika kimejaa hadi ukingoni na kumwagikia sahani. Alimpa baba. Hakumtazama. Watu wakanywa haraka, wakaaga kabla jua halijazama, wakiwa na heshima ya kutisha, kama wanatoka msibani.

Nilijua mama atamgeukia baba. Akikasirika mama alihama Kiswahili akaingia Kiiraqw, na hapo hata mbwa alitafuta pa kujificha. Lakini hakuhamia popote. Alinigeukia mimi. Nilikuwa nakusanya vikombe.

"Na wewe ulijua?"

Nikaviangalia vikombe nilivyoshika. Hilo lilimtosha. Nimeona nyuso nyingi tangu wakati huo, nimeuona uso wake siku tulipomfukia baba, lakini uso wa mama jioni ile ndio ulionitia hofu kuliko zote. Hakukuwa na hasira. Alinitazama kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kufuli limebadilishwa.

Kwa siku mbili hakusema nami wala na baba. Alisema na Basso tu, na kuku.

"Basso, mwambie baba yako chakula tayari."

Basso akamgeukia baba, aliyekuwa ameketi umbali wa mkono. "Baba, chakula tayari."

"Mwambie mama asante."

"Mama, asante." Akafikiri. "Kwani masikio yenu yameharibika yote kwa pamoja?"

Jumatatu baba hakuvaa shati la kaki. Alitoka jua limeshachomoza, na suruali yake iliyokatwa, karai begani, akapita katikati ya barabara pamoja na Safari ili mwenye kutaka kuona aone. Watu waliona. Mama alisimama mlangoni akimtazama mpaka akaishia. Kesho yake mchana alipakua kande kwenye sufuria, akaifunga kwa kitenge, akatuacha kwa Mama Bibiana, akaenda Qurus. Walisemezana nini kule shimoni sijui hadi leo. Nilipomwuliza nikiwa mtu mzima alisema, "Tulisema ya kwetu." Ninachojua ni kwamba walirudi pamoja jioni, na miguu ya mama ilikuwa myekundu mpaka magotini. Tuliona kwa mbali, mimi na Basso, wakipanda kilima. Basso akashusha pumzi kama mzee. "Sasa na mama," akasema.

Usiku huohuo kabla ya kulala mama aliniketisha chini kati ya magoti yake anifumue nywele. Alivuta kwa nguvu kuliko kawaida. Baada ya mistari mitatu akasema, taratibu, "Siku mtu akikuambia usimwambie mama, hilo ndilo la kuniambia kwanza. Hata akiwa ni baba yako. Hata nikiwa ni mimi ninayekuambia usimwambie baba. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Akaendelea kufumua, na mkono wake ukalegea.

Watalii walirudi, ingawa haikuwa mapema kama watu walivyotumaini. Kampuni ile haikumwita tena baba. Alifyatua matofali misimu miwili, mama akilima na kumsaidia, mpaka kampuni nyingine ikamchukua, akaendesha tena kwa miaka mingi mpaka mgongo ukamkatalia. Safari hakurudi kambini kabisa. Alifungua mgahawa mdogo, na Mama Bibiana alihakikisha kila asubuhi anamwona kwa macho akiwasha jiko. Basso sasa ni mtu mwenye ndevu na watoto wawili, na hakumbuki chochote. Nilimsimulia siku ya tatu ya msiba, watu wakacheka mpaka wakalia, naye akaniuliza kama sijatunga.

Sijatunga. Na liko moja sikuwasimulia pale msibani, kwa sababu sauti isingefika mwisho.

Ilikuwa siku iliyofuata baada ya mama kunifumua nywele. Asubuhi nilikuwa nyuma ya banda la kuku nafuta zile alama zangu za mkaa kwa mate na jani. Baba akaja kutoka nyuma ya nyumba, karai mkononi, tayari kwenda. Akaziona. Akazihesabu, nilimwona midomo ikihesabu, moja hadi tisa. Akaliweka karai chini, akachuchumaa mbele yangu kwenye mavi ya kuku, na baba yangu hakuwa mtu wa kuchuchumaa mbele ya mtoto. Kwetu hakuna baba aliyekuwa hivyo. Nilishtuka nikarudi nyuma mpaka nikagusa ukuta wa banda, nikidhani sasa ndiyo napigwa.

"Yudita," akasema. "Nilikubebesha mzigo usio wako. Nisamehe, mwanangu."

Hakuna aliyewahi kunifundisha mtu anajibu nini hapo. Nilijua cha kujibu ukisalimiwa, ukitumwa, ukigombezwa, ukipewa kitu. Hili halikuwemo. Baba alikuwa anasubiri, macho yake mekundu kwa moshi wa tanuri, na mimi niliona lazima niseme kitu, kitu kizuri, kikubwa kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Nikafunga mikono mbele, nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo baba," nikasema.

Kuku mmoja akaja kudonoa kamba ya kiatu chake.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mama yangu."